Kilo Mia Tatu Sabini na Tano

Malipo ya kwanza yaliingia usiku,
simu ikatetema chini ya mto,
na mimi, kabla sijamshukuru Mungu,
nikagawanya:
laki tisa kwa elfu mbili mia nne
ni kilo mia tatu sabini na tano.
Hiyo ndiyo bajeti. Siihesabu kwa shilingi,
shilingi haina mgongo unaouma.

Mama akauliza, "Bati je?"
Nikasema bati ni za malipo ya pili.
Hakujibu. Aliendelea kubangua,
vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda,
na kila korosho iliyopasuka
ilisema alichokinyamazia.

Asubuhi nikatoka Nanyamba na karatasi
aliyoichora mdogo wangu Dadi.
Katikati kaweka kadi ya michoro,
feni tatu, kubwa kuliko vyote,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu:
*Kaka, bila hii nyasi hazitikisiki.*

Duka la fundi Chilumba, pale Chikongola,
lina upana wa kitanda.
Ukiingia, mteja mwingine hutoka.
Kadi ya Dadi ilikuwa ndani ya kioo,
kilo mia moja sabini na tano:
magunia mawili, na kumi na tano juu.
Niliyaona yakiinuka mizanini,
nikaona vumbi la salfa la mwezi wa sita,
macho yangu yakitoa machozi
kwa ajili ya nyasi za watu wasiokuwepo.

Fundi akasoma karatasi, akacheka puani,
kisha akanighania, bisibisi mdomoni:

*Pawa usiibanie, umeme wetu wajua,*
*kadi leo iachie, kesho utainunua;*
*ramu moja itulie, ya pili ikisumbua*
*mnada na uingie, ndipo mkono kunjua.*

Basi nikanunua kama mtu anayeng'oa jino.
Prosesa iliyowahi kukaa ofisini Dar,
kilo sitini, bado ina alama ya kidole cha karani.
Ubao-mama, sabini.
Pawa mpya, ndani ya nailoni yake, arobaini,
na hapo sikuomba punguzo.
Ramu thelathini, diski thelathini na tano,
kioo hamsini, chenye doa pembeni
ambalo fundi aliapa halitakua.
Zikabaki tisini.
Kwa tisini kuna kadi ya zamani, feni moja,
inakwaruza kama jogoo mwenye mafua.
"Themanini na tano," nikasema,
"tano ni nauli na chakula."
Akanitazama viatu. Akakubali.

Keisi haikuwemo kwenye hesabu.
Tuliitengeneza kwa kreti la vinu vya salfa,
Dadi akatoboa matundu kwa msumari wa moto,
na mashine ikiwaka
chumba kinanuka mbao na dawa kidogo.

Ikawaka. Umeme ukakatika.
Tukakaa gizani hatusemi,
kila mmoja akiomba kivyake.
Uliporudi, ikawaka tena,
nikamkumbuka Chilumba na bisibisi yake.

Tulishusha kila kitu hadi chini kabisa:
vivuli hakuna, ukungu hakuna,
mito imesimama kama mikeka.
Dadi akatembeza mtu wake kwenye mbuga,
akasimama, akangoja.
Nyasi hazikutikisika.
Hakunilaumu. Aliniuliza tu
ile nafasi ya pili ya ramu, iliyo wazi,
kama vumbi litaingia.
Nikachana kipande cha gunia, nikaifunika.

Mama alipita na ungo, akachungulia kioo,
mbuga yote ile, kijani mpaka mwisho.
"Shamba la nani hilo?" akauliza.
"La mtu yeyote, mama."
Akatazama kwa muda mrefu,
mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hawajapalilia," akasema,
na akakaa.